Namna ya kuhakiki matokeo ya urais Kenya kabla ya kuyatolea maoni

Mjadala wa uchaguzi huharibika mapema, usiku ule ule wa kuhesabu kura, kwa sababu watu huanza na jumla. Jumla inayopanda kwenye televisheni inaonyesha tu fomu za wapi zimeingizwa kwanza. Mwaka 2022 stesheni za Kenya zilionyesha wagombea tofauti wakiongoza kwa wakati mmoja, ingawa zote zilinakili fomu kutoka tovuti moja ya IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya. Anayetaka maoni yake yawe na uzito aanze chini kabisa, kwenye fomu 34A.

Fomu 34A ni ya kituo kimoja cha kupigia kura, na mwaka 2022 vituo vilikuwa 46,229. Msimamizi wa kituo huijaza kura zikishahesabiwa, mawakala wa wagombea hutia sahihi, picha yake hutumwa, na nakala hubandikwa mlangoni. Za eneobunge zima hujumlishwa kwenye 34B. Za nchi nzima huishia kwenye 34C. Kilichoandikwa kwenye 34A ndicho msingi, na tarakimu yoyote ya juu isiyolingana nayo inadai maelezo.

Usijaribu nchi nzima. Chagua eneobunge moja unalolijua. Kwa wastani lina vituo 160 hivi, kazi ya watu wawili kwa siku moja au mbili. Mmoja asome kwa sauti, mwingine aingize kwenye jedwali la kompyuta: nambari ya kituo, wapigakura waliosajiliwa, kura za kila mgombea, kura halali, kura zilizokataliwa. Acha safu moja ya maelezo, nayo utaihitaji kuliko unavyodhani.

Kisha pima kila mstari. Kura za wagombea zikijumlishwa lazima zilingane na kura halali. Kura halali pamoja na zilizokataliwa zisizidi waliosajiliwa. Zikizidi, hilo ni jambo zito, liandike mara moja. Kikomo cha kituo mwaka 2022 kilikuwa wapigakura 700, kwa hiyo ukiona 712 kwenye jedwali lako, rudi kwenye picha kwanza: huenda ni 112, na 1 imesomwa kama 7. Mwisho linganisha jumla yako na 34B. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, tafuta tarakimu zilizopishana, kama 312 kuwa 321. Kosa hilo laweza kuwa lako au la karani, na ni fomu pekee itakayokuambia. Angalia pia kama kura za mgombea mmoja zimeandikwa kwenye mstari wa mwenzake. Jumla ya kituo hubaki sawa, kwa hiyo hesabu haitakuonya.

Fomu isiyo na sahihi ya wakala si lazima iwe ya uongo. Huenda wakala hakufika au aliondoka mapema. Hata tarakimu iliyokatwa na kusahihishwa ni dalili tu, ila vituo vingi vikiwa nayo hali hubadilika. Malawi, mwezi Februari 2020, mahakama ilifuta uchaguzi wa urais wa mwaka uliotangulia kwa kasoro nyingi, zikiwemo karatasi za matokeo zilizofutwa kwa Tipp-Ex.

Asilimia ndiyo huwapoteza hata waliosoma. Mwaka 2022 William Ruto alitangazwa kuwa na kura 7,176,141, Raila Odinga 6,942,930, George Wajackoyah 61,969 na David Waihiga 31,987. Kura halali: 14,213,027. Asilimia zilizotangazwa, 50.49, 48.85, 0.44 na 0.23, zinafika 100.01, na makamishna wanne wa IEBC walioyakataa matokeo walidai ziada hiyo ni kura 142,000 hivi. Piga hesabu mwenyewe: asilimia 0.01 ya kura hizo ni 1,421. Na hata hizo hazipo, maana ziada imetokana na kukadiria nafasi mbili za desimali. Ushauri wangu ni huu: andika kura kamili kila mara, asilimia ije baadaye.

Sharti la ushindi nalo lihesabiwe kwa kura. Nusu ya kura halali ni 7,106,513.5, kwa hiyo Ruto aliivuka kwa takriban 69,600. Kura zilizokataliwa haziingii kwenye hesabu hii. Mahakama ya Juu iliamua hivyo mwaka 2013. Mshindi lazima pia apate angalau robo ya kura katika kaunti 24 kati ya 47.

Njia hii inafaa tu pale matokeo ya kila kituo yanapotolewa. Kongo, baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, tume haikuyatoa, na maaskofu wa Kikatoliki waliokuwa na waangalizi wapatao 40,000 walisema matokeo yaliyotangazwa hayakulingana na waliyoyakusanya. Raia wa kawaida hakuwa na cha kulinganisha. Tanzania kikwazo ni kingine: ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia mahakama kuchunguza uchaguzi wa rais aliyekwisha kutangazwa na Tume.

Ukichapisha maoni, taja nambari ya kituo, weka picha ya fomu na useme umekagua vituo vingapi kati ya vingapi. Usiandike “kura ziliibwa” ukiwa na fomu tatu zenye dosari, wala “ulikuwa safi” kwa sababu eneobunge lako limelingana. Na anza mapema: kesi hufunguliwa ndani ya siku 7 baada ya mshindi kutangazwa, na Mahakama ya Juu ina siku 14 za kuamua. Mwaka 2017 ilifuta uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba, na hoja kubwa ilikuwa jinsi fomu hizi zilivyotumwa na kuhakikiwa. Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Jedwali lako linaweza kuandaliwa hata leo, kwa fomu za 2022.