Kabla ya kununua chipu ya kuendesha geti la mosfeti

Mosfeti, yaani swichi ya kielektroniki, ikiungua kwenye inveta, wengi hukimbilia kuweka kubwa zaidi. Kabla ya kufanya hivyo, kagua chipu inayoendesha geti lake, yaani pini inayoiwasha na kuizima.

Anza na chaji ya geti, yaani kiasi cha umeme ambacho geti linahitaji kujazwa ili mosfeti iwake, namba ambayo watu huiruka kwenye datashiti. Chukua mosfeti ya IRF3205 ya volti 55, inayofahamika sana kwenye inveta za volti 12. Geti lake linaweza kudai hadi nanokulombi 146. Ukitaka liwake ndani ya nanosekunde 100, gawanya: unapata karibu ampea 1.5. Ukifunga mosfeti nne sambamba, hesabu inakaribia ampea 6. Sasa hapo weka chipu ya kuendesha geti ya IR2104, inayotoa takriban ampea 0.2. Hata mosfeti moja tu itachukua zaidi ya nusu mikrosekunde kuwaka, na muda wote huo haijawaka sawasawa wala haijazima, huku ikibeba volti na mkondo kwa pamoja. Joto linazaliwa hapo.

Kinachosumbua zaidi, kwa maoni yangu, ni ishara inayoingia. Chipu nyingine, IR2110, ina pini ya VDD inayolisha upande wa mantiki, yaani unaopokea ishara, mbali na VCC inayolisha geti. Ukiziunganisha zote mbili kwenye volti 15, chipu inataka ishara ya volti 9.5 ndipo iitambue. Mikrokontrola ya volti 5 haifiki huko, nawe utaitupa chipu nzima ukidhani imekufa. Ipe VDD volti 5 zake.

Kwenye nusu daraja, yaani mosfeti mbili, ya juu na ya chini, zinazowaka kwa kupokezana, geti la ile ya juu hutegemea umeme wa kapasita ya butistrapu, ambayo hujazwa mosfeti ya chini inapowaka. Kwa hiyo ya juu haiwezi kukaa imewaka moja kwa moja; kazi ikidai hivyo, tafuta draiva (chipu ya kuendesha geti) yenye umeme wake uliotengwa. Uliza pia nani anahakikisha zote mbili zimezima kabla ya moja kuwaka. IR2104 huacha mwanya wa takriban nanosekunde 520 yenyewe. IR2110 haiachi, programu yako ndiyo itakayouweka.

Mwisho, angalia chipu hujizima volti ikishuka hadi wapi. Inayojizima kwenye volti 8 inaifaa mosfeti ya kawaida inayotaka volti 10 hadi 15 kwenye geti, lakini mosfeti ya silikoni kabaidi inayotaka volti 18 itaachwa imewaka nusunusu hadi iungue.