Jinsi ya kulielewa neno "passion" kuanzia kwenye mzizi

Neno passion siku hizi liko kila mahali, kwenye sivii, kwenye intavyuu, kwenye mapenzi, na ukiuliza maana yake unaambiwa shauku, basi imeisha. Shauku sio kosa ila ni kipande tu, na ukibaki na hicho kipande peke yake kuna sentensi nyingi za Kiingereza zitakupiga chenga. Mimi zilinipiga kwenye hadithi moja ya zamani, mzee anaingia chumbani "in a passion" na mimi nikasoma karibu ukurasa mzima nikijua amekuja na mahaba yake, kumbe mzee anatetemeka kwa hasira, amekuja kugomba.

Kwahiyo anza na mzizi, mengine yatajipanga yenyewe. Passion imetoka kwenye Kilatini, passio, na passio imezaliwa na kitenzi pati, yaani kuteseka, kuvumilia, kupatwa na jambo. Ikapitia kwa Wafaransa ikaingia kwenye Kiingereza mwaka 1200 hivi, na wakati huo haikuhusu mapenzi wala kazi unayoipenda, ilikuwa ni mateso ya Yesu basi. Ndo maana mpaka leo ukikuta Passion kwa herufi kubwa kwenye habari za Pasaka usije ukaandika shauku ya Kristo, andika Mateso. Maana ya hisia kali ilikuja mwishoni mwa karne ya 14, ile ya mapenzi ya kimwili karne ya 16, na ya kupenda sana jambo fulani, hii tunayoiona kwenye sivii, ndo ya juzi juzi kabisa, karne ya 17.

Hata tunda la pasheni limepata jina hapohapo. Wamisionari wa Kikatoliki kule Amerika ya Kusini waliangalia ua lake wakaona mateso yote yamo mle ndani, zile nyuzi nyuzi zilizozunguka katikati wakasema ni taji la miiba, vile vichwa vitatu vya juu ni misumari mitatu, na vile vitano vya chini yake ni majeraha matano. Ukilipata hilo ua lishike liangalie kwa karibu, utaviona vyote na utavihesabu. Kwahiyo ua likaitwa ua la Mateso na tunda likafuata jina la ua, halihusiani na mahaba hata kidogo japo watu wengi wanaamini linahusiana.

Sasa mateso yamegeukaje yakawa hisia? Hapa ndo patamu. Watu wa zamani waliona kuna jambo unalolitenda wewe na kuna jambo linalokupata, Wagiriki hilo la kukupata waliliita pathos, na Walatini walipolitafsiri wakatumia passio. Hasira, hofu, mapenzi, vyote waliviweka kwenye fungu la vinavyokupata. Descartes, mwanafalsafa wa Kifaransa, mwaka 1649 alitoa kitabu kizima kuhusu hizi hisia za nafsi na bado alikuwa anazieleza kwa njia hiyohiyo, kitendo upande huu, kutendwa upande ule.

Na Kiswahili kinalijua hili siku nyingi! Sisi mtu hafanyi hasira, anashikwa na hasira, anaingiwa na hofu, anapandwa na jazba, anajawa na furaha. Iangalie hiyo -w-, ni kauli ya kutendwa kabisa, na neno passive ambalo Waingereza wanaiitia hiyo kauli nalo ni mtoto wa pati. Kwahiyo kipimo changu ni hiki, ukikutana na passion kwenye sentensi jiulize huyu mtu ameshikwa na nini, alafu acha sentensi ikujibu. Kama kavunja vyombo ni hasira, kama hali wala halali usingizi kwa ajili ya mtu ni mahaba, kama yuko kwenye kazi yake usiku wa manane na hajatumwa na mtu hapo sawa, andika shauku au ari. "Passions ran high" ni jazba zilipanda. "Crime of passion" usiseme kosa la shauku, ni uhalifu wa mtu aliyezidiwa na hisia, mara nyingi wivu wa mapenzi.

Ukishaujua mzizi, ndugu zake nao unawapata bure. Patient ni mgonjwa na pia ni mvumilivu, wote wawili wanastahimili maumivu. Compassion ni kuteseka pamoja na mwenzako, sisi tunaita huruma. Compatible nayo imo humohumo, wanaoweza kuvumiliana, na mi naona hiyo ni tafsiri nzuri ya watu wanaoendana kuliko kusema wanafanana.

Kwenye kuandika, kosa ninaloliona sana ni "I have passion in teaching". Sema "I have a passion for teaching", hiyo a usiiache na inayofuata ni for. Ukitaka passionate inabadilika, "I am passionate about teaching". Na kabla hujaiandika kwenye barua ya kuomba kazi pima kama kweli hilo jambo limekushika, kama unalipenda kawaida tu andika "I enjoy", ni Kiingereza safi na msomaji atakuamini.