Adabu za Mazoezi ya Kikundi Ukumbini

Fika ukumbini dakika 10 kabla ya kipindi kuanza, hasa ikiwa ni mara yako ya kwanza, ili upate wasaa wa kumweleza mwalimu kama una jeraha, ni mjamzito au una tatizo la moyo, kwa kuwa yeye ndiye atakayekuonyesha namna ya kupunguza uzito wa vyuma au kubadilisha zoezi bila kukutenga na wenzako. Ukikuta wengine wamekwisha kupasha mwili joto, ni afadhali usubiri kipindi kijacho.

Sehemu ya kusimama haina mwenyewe, ingawa wazoefu wa mstari wa mbele huamini vingine. Mgeni asimame katikati, ambako atawaona wenzake wa kuwafuata hata kikundi kinapogeuka nyuma. Acha nafasi ya kunyoosha mikono pande zote bila kumgusa jirani, na usipite mbele ya mtu aliyeinua chuma.

Jambo linaloleta ugomvi zaidi ni kurekebishana. Hata ukiona mwenzako anakosea, mwachie mwalimu, isipokuwa pale penye hatari ya wazi. Maneno ya kutia moyo yanaruhusiwa, lakini maoni kuhusu mwili wa mtu, hata yakiwa ya kusifu, hayafai. Simu ibaki kabatini, na usipige picha inayoonyesha wengine bila idhini yao.

Kipindi kikiisha, futa jasho kwenye mkeka na urudishe vyuma mahali pake kwa kufuata uzito.