Kwa basi ukingoni mwa Ziwa Albert

Kutoka Hoima, magharibi mwa Uganda, kwenda Butiaba na Wanseko, anza alfajiri. Teksi, yaani basi dogo la abiria, haiondoki mpaka ijae, na ukikosa kivuko cha kwenda Panyimur, ng'ambo ya ziwa, utalala Wanseko bila kupanga. Begi lisizidi kilo 10, ulipakate. Likifungwa juu ya gari litashuka limejaa harufu ya samaki, na kamba ikilegea kwenye mteremko wa Butiaba, ndiyo basi tena. Nguo zitie kwanza kwenye mfuko wa plastiki. Beba noti za shilingi 1,000 na 5,000, maana konda mara nyingi hana chenji. Na tafadhali, usioge ziwani hata joto likuzidi: kichocho kipo kwelikweli. Omba maji ya bomba au kisima. Ndoo moja yatosha.