Uko Jeshi la Akiba Marekani? Bima ya Familia Isikushinde

Wengi wetu huku tulijiunga na Jeshi la Akiba au National Guard, askari wa akiba wa majimbo, tukiwa bado na kadi ya ukaazi wa kudumu. Katikati ya wiki ni ghala, lori au zamu za uuguzi; wikiendi moja kwa mwezi ni magwanda. Hata hivyo nakutana na askari ambao watoto wao hawana bima kwa kuwa ile ya kazini inameza mshahara. Inaniuma, maana haki yao ipo.

Inaitwa TRICARE Reserve Select, bima ya afya ya askari wa akiba na familia zao. Kisheria askari analipa asilimia 28 ya gharama ya bima yenyewe, serikali inabeba iliyobaki. Mwaka 2025 ilikuwa dola 53.80 kwa mwezi kwa askari peke yake na dola 274.48 kwa familia, uwe na mtoto mmoja au sita. Hakuna msimu wa kungoja, unajiandikisha wakati wowote wa mwaka. Ila kama una haki ya bima ya wafanyakazi wa serikali kuu, mathalani muuguzi wa hospitali ya maveterani, mlango huu umefungwa hadi 2030.

Anza na DEERS, daftari la wanajeshi na familia zao. Hapa ndipo wenzetu hukwama: cheti cha ndoa kiko kwa Kifaransa au Kiswahili, jina la mtoto limeandikwa namna mbili. Tafuta tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa mapema. Familia ikishaingia humo, nunua bima kupitia milConnect, tovuti ya jeshi. Malipo ya kwanza ni ya miezi miwili.

Baada ya hapo linda malipo kama unavyolinda kodi ya nyumba. Kadi ya benki ikiisha muda na usibadilishe, bima inakatwa. Una siku 90 za kuomba urudishwe. Zikipita, unafungiwa miezi 12. Vilevile ukiitwa kazini kwa zaidi ya siku 30, bima hii husimama na jeshi linakutibu pamoja na familia. Ukirudi, jiandikishe upya mwenyewe.

Dola hizo zikikulemea, uliza kikosi chako kama jimbo lenu lina utaratibu wa kuwarejeshea askari wa National Guard malipo ya bima.

Wazazi hawamo. Mama aliye Kakamega mlipie SHA, bima ya afya ya Kenya, ya mwaka mzima, uitengee fungu lake.