Kuipima roboti ya nyumbani ndani ya MuJoCo: mtihani wa kikombe

Mtihani ni mmoja: roboti iinue kikombe kutoka mezani, kwenye kompyuta kwanza, ndani ya MuJoCo (programu ya kuigiza mwendo na migusano ya roboti), kabla hujavunja vyombo vya watu.

Hatua ya 1. `pip install mujoco coacd`, kisha pakua modeli za MuJoCo Menagerie, mkusanyiko wa roboti zilizokwisha kuundwa kwa ajili ya MuJoCo. Humo mna Stretch, roboti ya magurudumu yenye mkono mmoja. Gazebo na Webots, programu nyingine za kuigiza roboti, zinafaa kwa kuzunguka vyumbani. Kwa kushika vitu, baki na MuJoCo.

Hatua ya 2. Weka meza. Vipimo ni mita na kilo; faili ya STL (umbo la 3D) iliyochorwa kwa milimita ipe `scale="0.001 0.001 0.001"`.

Hatua ya 3: kikombe. Hapa ndipo siku nzima huishia. Ukipakia meshi (wavu wa pembetatu unaochora umbo lake), machoni ni kikombe, lakini katika kukokotoa migusano MuJoCo hukifunga kama kilichoviringishwa nailoni: mdomo umezibwa, tundu la mkono wa kikombe limezibwa. Kidole cha roboti kinagonga hewa, wewe unalaumu kamera. Bonyeza H kwenye kitazamio, utaliona ganda hilo.

Ipasue meshi kwa CoACD (zana ya kugawa umbo katika vipande visivyo na mashimo), au, bora zaidi na nyepesi kwa kompyuta, jenga ukuta kwa vipande bapa 12 vilivyozunguka duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 4. Kila kimoja: `size="0.002 0.011 0.05"`. Hizo ni nusu za vipimo. Ukiandika vipimo kamili utapata ndoo. Meshi ya sura, ya kuonekana tu, iachie `contype="0" conaffinity="0" mass="0"`, isiguse kitu wala isiwe na uzito. Ukisahau `mass`, nayo itahesabiwa uzito, tena kwa msongamano wa maji.

Kikiteleza polepole vidoleni, usikimbilie kuongeza nguvu ya kubana: weka `cone="elliptic" impratio="10"`. Kikijizungusha, `condim="4"`. Na ukipunguza msuguano wa kikombe pasibadilike kitu, ni kwa sababu kati ya vitu viwili vinavyogusana huchukuliwa msuguano ulio mkubwa. Punguza na wa vidole.

Hatua ya 4. Kufaulu ni kitako kukaa sentimita 10 juu ya meza kwa sekunde 2 mfululizo, yaani hatua 1,000 za uigaji, kila moja ikiwa na `timestep` ya sekunde 0.002. Bila sharti la muda, hata kikombe kilichorushwa hewani kitapata alama.

Hatua ya 5. Rudia mara 100 ukibadilisha mahali, uzito (gramu 200 hadi 400) na msuguano. Majaribio 20 hayatoshi: ufaulu wa asilimia 80 hapo unaweza kupotoka kwa pointi 17 hivi kila upande; kwa 100, pointi 8. Hifadhi namba ya mbegu ya kila jaribio (namba inayoanzisha mabadiliko ya nasibu, ili yaweze kurudiwa yaleyale), na yaliyofeli yarudie kwa mbegu ileile kitazamio kikiwa wazi.