Taa ya ABS haizimi: pima kwanza, sensa nunua baadaye

Somo hili linahusu taa ya ABS (mfumo wa breki unaozuia tairi zisijifunge) kwenye Toyota ndogo zinazovutwa na magurudumu ya mbele: IST, Vitz, Probox, Ractis na jamaa zao. Utaratibu unafaa magari mengine mengi, ila namba na vipimo vithibitishe kwa gari lako.

Shika jambo moja kabla hujagusa spana: namba ya kosa inataja gurudumu, haitaji kifaa kilichokufa. Mashine ya kusoma makosa ikionyesha C0205, maana yake kompyuta ya ABS haipati taarifa sahihi kutoka mbele kushoto. Kati ya kompyuta na gurudumu hilo kuna waya, soketi, sensa (kifaa kinachosoma mwendo wa gurudumu), pete inayosomwa na sensa, na beringi. Chochote kati ya hivyo kikiharibika, namba inayotoka ni ileile. Ndiyo maana watu wananunua sensa mbili tatu na taa bado inawaka.

Na usalama kwanza. Taa ya njano ya ABS ikiwaka peke yake, breki za kawaida zipo. Kilichopotea ni ule uwezo wa kuzuia tairi zisijifunge ukikanyaga ghafla, kwa hiyo kwenye mvua au changarawe acha nafasi kubwa zaidi mbele yako. Ikiwaka pamoja na taa nyekundu ya breki, simama. Angalia mafuta ya breki. Kama yapo ya kutosha na taa zote mbili bado zinawaka (na hendibreki umeshusha), huenda ugawaji wa nguvu kati ya mbele na nyuma umekatika pia, na tairi za nyuma zinaweza kujifunga kabla ya za mbele. Gari likifanya hivyo linageuka.

Hatua ya 1: Jua ni gurudumu lipi

Vile vifaa vidogo vya bei rahisi vya kuunganisha na simu mara nyingi vinasoma injini tu. Tafuta mashine inayoingia kwenye ABS. Kwa Toyota: C0200 ni mbele kulia, C0205 mbele kushoto, C0210 nyuma kulia, C0215 nyuma kushoto.

Huna mashine? Toyota nyingi zinakubali njia ya waya. Swichi ikiwa imezimwa, tafuta soketi ya pini 16 chini ya dashibodi upande wa dereva. Itazame upande wake mpana ukiwa juu: safu ya juu ni pini 1 hadi 8 kutoka kushoto, ya chini ni 9 hadi 16. Unganisha pini 4 (ya nne juu) na pini 13 (ya tano chini) kwa waya mfupi. Hesabu mara mbili, kwa sababu pini 16 ina moto wa betri muda wote, na ukiigusisha na 4, ambayo ni hasi, unaunguza fyuzi au waya. Washa swichi bila kupiga stata, kisha hesabu taa ya ABS inavyokonyeza. Mara tatu, kimya kidogo, kisha mara mbili: hiyo ni 32. Namba 31 ni mbele kulia, 32 mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. Ikikonyeza mfululizo bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa.

Hatua ya 2: Macho kabla ya mita

Legeza nati za tairi (spana 21), weka vizuizi kwenye magurudumu mengine, piga jeki, kisha weka stendi. Usiingize mkono chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Fuata waya wa sensa kutoka kwenye habu hadi unapoingia kwenye bodi. Kwa gurudumu la mbele, chunguza sana pale unapopinda karibu na shokapu, kwa sababu kila ukikata kona waya unakunjwa hapo. Shaba inaweza kukatika ndani huku mpira wa nje ukiwa mzima. Angalia pia kama vishikizo vyake vipo: fundi aliyebadilisha shokapu akisahau kukirudisha kimoja, waya utasuguliwa na tairi. Fungua soketi. Ukiona ukijani au maji, safisha kwa dawa ya kusafishia soketi na uiache ikauke kabisa.

Hatua ya 3: Pima umeme

Hapa lazima ujue aina ya sensa, ya koili au ya kisasa, na usikisie kwa umbo: zote mbili zina waya mbili.

Sensa ya koili inajitengenezea umeme yenyewe. Chomoa soketi swichi ikiwa imezimwa, pima kati ya pini zake mbili. Nyingi zinasoma kati ya omu 800 na 2,500. Kipimo kinachoaminika zaidi ni cha kulinganisha na gurudumu zima la upande wa pili. Isiposoma chochote, imekatika. Ikisoma karibu na sifuri, imegusana ndani. Kisha pima kila pini dhidi ya bodi: hapo mita isisome kitu. Mwisho weka mita kwenye volti za AC na uzungushe gurudumu kwa mkono, mzunguko mmoja kwa sekunde. Volti lazima zionekane, hata kama ni kidogo, na zipande ukizidisha kasi.

Sensa ya kisasa inayolishwa umeme na kompyuta haipimwi kwa omu. Mita itakupa jibu lisilo na maana na inaweza kuiharibu. Washa swichi, pima kwenye soketi ya upande wa gari. Utegemee umeme unaokaribia wa betri. Usipokuwepo, kosa liko kwenye waya au kompyuta, na sensa mpya haitasaidia. Ukiwepo, ingiza mita ya miliampea kwenye njia moja ya waya na uzungushe gurudumu polepole sana: iruke kati ya takriban 7 na 14. Ikiganda kwenye namba moja, tatizo ni sensa au pete.

Hatua ya 4: Pete na beringi

Hapa ndipo wengi wanaruka. Pete ya meno huwa kwenye kichwa cha shafti au kwenye habu. Toyota nyingi ndogo zina meno 48. Izungushe taratibu ukiangalia jino lililovunjika, ufa, au kutu iliyovimba chini ya pete na kuipasua. Magari ya pwani, na yale yaliyotembea Japani kwenye barabara za theluji zinazomwagwa chumvi, yanaumwa sana ugonjwa huu.

Kisha shika tairi juu na chini, utikise. Beringi ikicheza, nafasi kati ya sensa na pete inabadilika kila mzunguko na mawimbi ya umeme kutoka kwenye sensa yanakatika. Badilisha beringi, sensa iache.

Hatua ya 5: Kuitoa sensa na kuirudisha

Boliti yake ni spana 10. Sensa iliyoshikwa na kutu usiivute kwa waya. Puliza dawa ya kulegeza kutu, subiri dakika 15, izungushe kushoto na kulia hadi ilegee. Safisha tundu kwa msasa laini mpaka chuma kionekane: kutu ikibaki, sensa mpya itakaa juu kidogo, na nafasi yake ni kama milimita moja tu. Futa unga wa chuma kwenye ncha. Ibonyeze kwa mkono, usiigonge kwa nyundo. Boliti inataka nyutonimita 8, yaani kukaza kidogo tu. Nati za tairi ni 103.

Hatua ya 6: Futa namba ya kosa na ujaribu

Kwa njia ya waya: pini 4 na 13 zikiwa zimeunganishwa na swichi imewashwa, kanyaga breki mara 8 au zaidi ndani ya sekunde 5. Toa waya, endesha zaidi ya kilomita 20 kwa saa. Kama una mashine, msaidizi asome kasi za magurudumu manne; zote zinapaswa kwenda pamoja.

Maswali ya wanachama

Fundi, taa yangu inazima nikiwasha gari, ikifika kilomita 20 hivi inawaka tena. Sensa imekufa?
Haielekei kuwa imekatika. Ukiwasha gari, kompyuta inakagua waya na sensa kwa umeme, na hapo imeridhika. Gari likitembea inadai mawimbi, isipoyapata inawasha taa. Anza na hatua ya 4.

Mkuu, nimebadilisha beringi ya mbele, taa imewaka siku hiyohiyo.
Beringi zenye pete ya sumaku badala ya pete ya meno zina upande. Pete iko kwenye sili moja na lazima itazame sensa. Ikishindiliwa kinyume, gari linatembea vizuri ila sensa haioni kitu. Kabla ya kushindilia, gusa sili zote mbili kwa kibanzi chepesi cha chuma, kama pini ya ofisini: upande unaovuta ndio wa sensa. Beringi iliyoshindiliwa kinyume mara nyingi inaharibika ikitolewa, kwa hiyo jiandae kununua nyingine.

Shafti mpya niliyouziwa haina yale meno. Nihamishe pete ya zamani?
Inawezekana kama kipenyo ni kilekile na pete haina ufa, lakini ikikaa kombo au ikilegea utarudi palepale. Rudisha dukani, uombe ya gari lenye ABS, na hesabu meno kabla ya kulipa.

Habari mkuu. Taa haiwaki kabisa, ila nikikaribia kusimama pedali inatetemeka na kunguruma.
ABS inafanya kazi bila sababu. Karibu na kusimama, ufa mdogo kwenye pete au mawimbi dhaifu vinafanya gurudumu moja lionekane limejifunga. Kwa sababu hakuna namba iliyohifadhiwa, tazama kasi za magurudumu kwenye mashine gari likipunguza mwendo: lile linaloanguka sifuri kabla ya mengine ndilo la kufungua. Usichelewe, maana wakati huo breki inalegezwa na gari linasogea zaidi ya ulivyotarajia.

Nimepata namba za magurudumu yote manne kwa pamoja. Ninunue sensa nne?
Hapana. Sensa nne hazifi siku moja. Pima volti za betri, fyuzi za ABS, na waya wa hasi wa kompyuta yake.

Waya umekatika, naweza kuunga?
Sehemu isiyopinda, ndiyo: lehemu na mpira wa kubana kwa joto, usizungushie utepe peke yake. Pale karibu na shokapu kiungo kitakatika tena, hapo badilisha waya mzima au sensa yenye waya wake.